Shajara ya mradi: bano linalorefuka bila kunenepa

Jumamosi, 7 Juni 2025

Likizo imeanza, na kijitabu cha mazoezi ya hisabati cha darasa la saba inabidi kiwe tayari kabla shule hazijafunguliwa. Maswali ninayo, majibu ninayo, michoro karibu yote ninayo. Kinachonikwamisha ni bano. Si la duara wala la mraba, ni lile lenye ncha katikati, { , ambalo darasani kwangu watoto wamezoea kuliita bano la mdomo.

Kwenye maswali ya MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa) halinisumbui, kwa kuwa linakaa mstari mmoja na tarakimu. Linanisumbua ukurasa wa 14. Pale nimeweka bili ya Soko la Majengo: nyanya 2,000, vitunguu 1,500, zabibu 5,000, mchele 6,400, mafuta 4,500. Kila kitu na mstari wake. Kulia kwa bei kunasimama bano moja refu linaloikumbatia mistari yote mitano, na mdomo wake unaelekea kwenye jumla, 19,400. Mtoto akiliona anaelewa bila kuambiwa kwamba vile vitano ni kundi moja na ile namba ya pembeni ni ya kundi zima. Bano hilo linafundisha kuliko sentensi yangu iliyo juu yake, ndiyo maana sitaki litoke vibaya.

Jana nimechapisha rasimu pale steshenari. Limetoka vibaya.

Jumapili, 8 Juni

Nimekaa na karatasi ya juzi na rula nione tatizo ni nini hasa.

Maandishi ya kijitabu ni ya pointi 12, kile kipimo cha ukubwa wa herufi. Mistari mitano, kila mmoja ukichukua pointi 18, inafanya pointi 90. Alama ya } ya kawaida ina urefu wa pointi 12 hivi, kwa hiyo nilihitaji kuikuza mara 7.5.

Mara ya kwanza nilikuza herufi yenyewe, kutoka ukubwa wa 12 hadi wa 90. Urefu ukapatikana, lakini kila kitu kilikua nao. Mstari wake uliokuwa na unene wa pointi 0.6 ukawa pointi 4.5, mweusi kama mkaa, na upana wa bano ukaila nafasi ya jumla. Mara ya pili niliivuta kwenda juu tu, upana nikauacha. Hapo shina, yaani sehemu iliyonyooka, lilibaki jembamba, ila kulabu za juu na chini zilinyooshwa mara saba na nusu pamoja na unene wa ncha zake. Pale ambapo kalamu inapita kwa mlalo, mstari umevimba. Pale inapopita wima, uko vilevile. Mdomo nao umekuwa mteremko mrefu usiojulikana unaelekea wapi.

Kwa hiyo kukuza kunaharibu, na kuvuta kunaharibu kwa namna nyingine. Bano linatakiwa lirefuke huku unene wake, kulabu zake na mdomo wake vikibaki kama vilivyochorwa.

Jumatano, 11 Juni

Jioni tatu za kusoma. Upepo wa Juni umeanza kwa nguvu huku Nkuhungu, Dodoma, madirisha yamefungwa na vumbi bado linaingia, ila nimepata nilichotafuta.

Suluhisho ni la zamani kuliko kompyuta. Wapangaji wa herufi za madini ya risasi, katika uchapaji wa zamani, walikuwa na mabano marefu ya vipande: ncha mbili, kipande cha katikati chenye mdomo, na vipande vilivyonyooka vya kujazia. Vilisubiwa kimoja kimoja, kisha mpangaji akaviweka pamoja kulingana na urefu aliouhitaji.

Donald Knuth, sasa profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, aliurudisha utaratibu huo ndani ya kompyuta. Mwaka 1977 aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la kitabu chake, zilizopangwa kwa mashine mpya za wakati ule, na hakuridhika na sura yake. Akaamua kuandika programu yake ya kupanga hesabu, TeX, na nyingine ya kuchora herufi, METAFONT. Namheshimu sana mtu huyu. Angeweza kulalamika tu.

Katika fonti yake ya alama kubwa, inayoitwa cmex10, bano la mdomo lipo kwanza katika saizi nne zilizochorwa kila moja kivyake: pointi 12, 18, 24 na 30. Hazikutokana na kuvutwa. Mchoraji ameamua upya upinde na unene wa kila moja. TeX inaanza na dogo, inapanda ngazi hiyo, na inasimama kwenye la kwanza linalotosha. Likishindikana hata la 30, ndipo inapounga vipande: kulabu ya juu, kulabu ya chini, mdomo, na kipande kifupi cha shina kinachorudiwa. Sharti ni moja: kipande cha shina kirudiwe idadi sawa juu ya mdomo na chini yake. Ukiongeza kimoja juu, unaongeza na kimoja chini. Kwa hiyo bano la mdomo hukua kwa hatua ya vipande viwili viwili, wakati la duara na la mraba, kwa kuwa hayana mdomo, hukua kwa kipande kimoja kimoja.

Hata orodha ya herufi ya Unicode imevipa vipande hivi namba zake. Kulabu ya juu ya bano la kushoto ni U+23A7, mdomo U+23A8, kulabu ya chini U+23A9, na shina la kurudia U+23AA. Nimeviandika kwenye karatasi nikaibandika ukutani, juu ya meza.

Jumamosi, 14 Juni

Leo nimejifunza zaidi kwenye karakana ya kuchomelea kuliko kwenye kompyuta.

Nilipita kulipia grili ya dirisha. Mzee mwenyewe alikuwa chini, mbele ya geti lililolazwa juu ya matofali. Juu ya geti kuna urembo: chuma bapa kinachotoka pembeni, kinajikunja, kinakwenda sawa, halafu katikati kinapanda na kufanya kilele. Ni bano la mdomo limelala chali! Nikamsalimia, nikachuchumaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Grili yako iko tayari, lakini rangi haijakauka."

Nikamuuliza juu ya ule urembo. Akaniambia mteja aliagiza geti la mita 3, sasa amebadili, anataka mita 4 gari lipite vizuri. Nikauliza kama maua itabidi ayakunje upya.

"Ua halivutwi, mwalimu. Ukilivuta linakuwa kitu kingine. Naongeza chuma kilichonyooka, nusu mita huku, nusu mita kule, kilele kibaki katikati."

Kisha akanionyesha alipokata. Hakukata pale mkunjo unapoanza. Alikata mbele kidogo, ndani ya sehemu iliyonyooka, kama upana wa vidole vinne kutoka kwenye mkunjo. Akapitisha kidole juu ya kiungo kilichokwisha kusagwa na grenda.

"Ukiungia kwenye mkunjo, jicho linaona hata ukisaga vipi. Ukiungia kwenye kunyooka, haonekani fundi."

Nimerudi nyumbani nikaandika maneno hayo juu kabisa ya faili la programu ninayoiandika ya kuchora mabano. Kila kipande cha kulabu na cha mdomo lazima kibebe mkia mfupi ulionyooka, na kiungo kifanyike mkiani.

Jumatatu, 16 Juni

Kuchora. Nilitaka kwanza kutengeneza fonti ndogo niwagawie walimu wenzangu, kwa hiyo nimeanza na vipande.

Nimeanza na mstari wa katikati wa bano la kulia. Ncha ya kulabu ya juu iko nukta 0, shina liko pointi 6 kulia kwake, na mdomo pointi 6 zaidi. Bano zima lina mikunjo minne: kulabu ya juu, mikunjo miwili inayokutana mdomoni, kulabu ya chini. Kila mkunjo niliufanya robo duara ya nusu kipenyo 6. Kompyuta haichori duara moja kwa moja. Inachora mipinde ya Bézier, ambayo kila mmoja unaongozwa na nukta nne: mwanzo, mwisho, na mbili za kuvuta. Ili mpinde ukaribie robo duara, nukta za kuvuta zinakaa umbali wa 0.5523 ya nusu kipenyo, yaani pointi 3.31 kwangu.

Jaribio la kwanza lilitoka na kigongo pale mkunjo unapoingia kwenye shina. Ilinichukua saa nzima kukiona chanzo: nukta ya kuvuta ilikuwa imekosea kwa sehemu ndogo ya pointi upande wa kushoto, kwa hiyo mpinde uliingia shinani ukiwa umeinama kidogo sana. Kwa hesabu ni kosa dogo. Kwa jicho ni kama nyasi iliyovunjika. Nukta hiyo lazima iwe wima kabisa juu ya mwanzo wa shina, bila msamaha. Mdomoni ni kinyume: mikunjo yote miwili inafika ikiwa imelala kabisa, inagusana mgongo kwa mgongo, na ndiyo inayoufanya mdomo uwe na ncha kali badala ya tumbo.

Robo duara safi zilionekana za kitoto. Nimezirefusha: upana 6, urefu 9. Sasa mikunjo minne inakula pointi 36, na kwa bano la 90 zinabaki 54, yaani 27 za shina juu ya mdomo na 27 chini.

Unene ndio uliobaki. Shina nimelipa pointi 1.1, na nimeacha mistari miwili ya pembeni ikaribiane taratibu hadi ncha iwe 0.4. Bano lenye unene sawa kote linafanana na waya. Kalamu ya mkono hukandamiza katikati na kunyanyuka mwishoni, na msomaji amelizoea hilo hata kama hajawahi kulifikiria.

Alhamisi, 19 Juni

Vipande vimeungana, na kwenye skrini kila kiungo kina mstari mweupe mwembamba kama unywele. Nimepiga hesabu mara tatu: vinagusana sawasawa, hakuna pengo.

Sababu iko kwenye pikseli, zile nukta ndogo za skrini. Kiungo kikianguka katikati ya pikseli, kipande cha juu kinafunika nusu yake, na kompyuta inaipaka weusi wa asilimia 50. Kipande cha chini kinafunika nusu nyingine, lakini kompyuta haikumbuki kwamba ni nusu nyingine. Inapaka asilimia 50 ya kilichobaki cheupe. Jumla inakuwa 75, haifiki 100, na robo ile iliyokosekana ndiyo unywele wangu.

Dawa ni kupandanisha: kipande kimoja kiingie juu ya mkia wa mwenzake. Microsoft walipotengeneza fonti ya hesabu, Cambria Math, kwa ajili ya Office 2007 waliliweka jambo hili ndani ya fonti yenyewe, na mpango huo sasa ni sehemu ya kawaida ya OpenType, muundo wa faili za fonti. Kila kipande kinatangaza urefu wake, mikia yake ya kuungia mwanzoni na mwishoni, na kama kinaruhusiwa kurudiwa. Fonti nzima inatangaza kiasi cha chini cha kupandana. Uzuri wake ni kwamba kupandana kunaweza kuongezwa au kupunguzwa ndani ya mkia, kwa hiyo bano haliruki tena kwa hatua. Linafika urefu ule ule unaotakiwa. Mikia hiyo ndiyo vidole vinne vya yule mzee.

Usiku nimejiuliza swali nililopaswa kuanza nalo. Kwa nini vipande? Fonti inavihitaji kwa sababu inachorwa leo, na urefu wa hesabu utajulikana kesho kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Mimi ukurasa ninao. Programu yangu inaweza kuchora bano zima kwa mzingo mmoja, na kila safari ibadilishe namba moja tu, urefu wa shina. Hakuna kiungo, hakuna unywele.

Fonti inasubiri. Kijitabu kitatumia mzingo mmoja, katika SVG, aina ya faili la michoro ya mistari.

Jumapili, 22 Juni

Bano la ukurasa wa 14 limekaa vizuri. Ukurasa wa 22 halikukaa, na sikutegemea.

Pale kuna sehemu ndani ya mabano, na kwenye kiasi chake kuna sehemu nyingine ndogo. Nilipima urefu wa vyote kutoka juu hadi chini, nikachora bano la urefu huo. Likatoka limepanda juu, mdomo hauelekei popote pa maana.

Kosa langu lilikuwa kutafuta katikati ya kitu badala ya mhimili wa hesabu. Mhimili ni mstari usioonekana ambao alama ya kutoa na mstari wa sehemu vinakaa juu yake. Katika fonti za Knuth za pointi 10 uko pointi 2.5 juu ya msingi wa maandishi, yaani mstari ambao herufi zinasimama juu yake. Bano lazima liegemee mhimili huo, nusu juu, nusu chini, hata kama hesabu yenyewe imekwenda juu zaidi kuliko chini. Ukurasa wa 22 nina pointi 20 juu ya mhimili na 12 chini. Unachukua upande mkubwa, 20, unauzidisha kwa 2: bano la 40, si la 32. Chini linabaki na nafasi tupu ya pointi 8, na ni sawa, maana mdomo unatazamana na mstari mkuu wa sehemu.

Halafu kuna huruma moja ambayo sikuwa nimeijua. TeX hailazimishi bano lifunike kila kitu. Inakubali lifike 901 kati ya 1,000 za urefu huo, au lipungue kwa pointi 5, na kati ya hayo mawili inachukua lile linalotoa bano refu zaidi. Kwa 40 yangu, njia ya kwanza inatoa 36.04 na ya pili 35, kwa hiyo 36.04 inashinda. Kwa hesabu ndefu kupita pointi 50 na nusu, ile ya pointi 5 ndiyo inayotawala. Nilichora yote mawili, la 40 na la 36.04, nikayaweka mbali nikayatazama kutoka mlangoni. La 40 linabana kama sanduku. La pili linapumua. Nimefuata kanuni ya Knuth kurasa zote, isipokuwa bili ya ukurasa wa 14, ambako nataka bano lishike mstari wa kwanza na wa mwisho kabisa, kwa sababu pale ufunikaji wenyewe ndio somo.

Jumatatu, 23 Juni

Umeme haukuwepo kutwa. Nimesahihisha majibu kwa kalamu.

Jumatano, 25 Juni

Mabano ya kulala. Ukurasa wa 6 unaeleza kuzidisha: 5 + 5 + 5 + 5, chini yake bano limelala likizishika zote, na chini ya mdomo maneno "mara 4". Halafu mstari wa pili una 5 saba, bano refu zaidi, "mara 7". Watoto wanaona kuzidisha ni kujumlisha kulikokunjwa.

Njia ya TeX hapa ni nyingine. Haina ngazi wala vipande vya kurudiwa. Inaweka mikunjo minne, ile ya mdomoni ikiwa nusu mbili zinazogusana, na kati ya mikunjo inachora mstari mweusi wa urefu wowote. Pande mbili za mistari zinagawana nafasi sawa, kwa hiyo mdomo unajipata katikati.

Kwangu ilitosha kugeuza shina. Lakini mstari uliolala wa pointi 1.1 unaonekana mzito kuliko uliosimama wa unene ule ule. Nimepima mara mbili kuhakikisha ni jicho langu na si programu. Nimeupunguza hadi 0.95 na sasa vinaonekana ndugu.

Jumamosi, 28 Juni

Steshenari, asubuhi, kabla foleni ya wanafunzi wa chuo haijajaa. Binti anayeshughulikia mashine amenichapia kurasa za 6, 14 na 22 kwenye printa ya leza, nukta 600 kwa inchi. Safi. Ncha za kulabu, pointi 0.4, zinapata nukta tatu na kitu za printa, na zinasomeka.

Yeye ndiye aliyeniuliza swali la maana: "Mwalimu, hizi watoto watapewa hizi hizi, au fotokopi?"

Fotokopi, bila shaka. Tena fotokopi ya fotokopi, kwa kuwa kila shule hutoa nakala zake yenyewe. Akachukua ukurasa wa 14, akautoa nakala, kisha nakala ya nakala. Kwenye ya pili ncha zote mbili za bano zilikuwa zimepotea, na mdomo umekuwa butu. Bano likabaki shina lenye uvimbe katikati.

Nimekaa pale pale kwenye benchi na kompyuta mapajani, nikabadilisha ncha kutoka 0.4 hadi 0.6, yaani nukta 5 kamili za printa. Akachapa tena, akatoa nakala mbili. Ncha zimebaki. Kwenye nakala ya kwanza bano limekuwa zito kidogo kuliko nilivyolipenda mwanzoni, lakini kijitabu hiki hakitasomwa kwenye nakala ya kwanza.

Mtoto wa mwenye duka, anayesoma darasa la sita, alikuwa amesimama begani kwangu. Nikampa ukurasa wa 14 bila neno. Akapitisha kidole kwenye bano kutoka nyanya hadi mafuta, akarudi hadi mdomoni, akagonga 19,400.

"Hizi zote ndiyo hii."

Zimebaki kurasa za 31 na 33. Huko mabano yanahitaji pointi 22 na 28, na mikunjo yangu minne peke yake inakula 36, kwa hiyo programu haina shina la kufupisha. Kuikandamiza sitaki, nitayachora upya yote mawili kwa mkono, upana 5, ncha 0.6 ile ile. Naanza na la 22 jioni hii.